Fantagraphics, Drawn & Quarterly au Top Shelf: Uanze na Katuni za Nani?

Ukitaka kuingia kwenye riwaya za katuni kupitia Amerika Kaskazini, weka kando kwanza zile orodha za "vitabu mia bora". Chagua mchapishaji. Katika kampuni kubwa za mashujaa, mhusika ni mali ya kampuni. Leo anachorwa na huyu, kesho anakabidhiwa yule, na msomaji humfuata mhusika. Kwa wachapishaji huru kazi ni ya mchoraji mwenyewe. Kinachounganisha vitabu vyao vyote ni jicho la mtu mmoja au wawili waliokaa mezani wakasema hiki tunakitoa, kile hapana. Ukilijua jicho hilo na ukaliamini, una mwongozo wa miaka mingi ya kusoma.

Ninalinganisha watatu. Fantagraphics ya Seattle ilianzishwa mwaka 1976 na Gary Groth na Michael Catron, na mwaka uliofuata akajiunga nao Kim Thompson. Drawn & Quarterly ya Montreal ni kazi ya Chris Oliveros, aliyetoa toleo la kwanza la jarida la jina hilo mwaka 1990; mwaka 2015 alimwachia uongozi Peggy Burns. Top Shelf ndiyo changa kuliko zote. Mwaka 1997 Brett Warnock akiwa Portland, Oregon, na Chris Staros akiwa Marietta, Georgia, waliunganisha nguvu wakafanya kazi kutoka pande mbili za nchi. Mwaka 2015 Top Shelf ilinunuliwa na kampuni ya IDW na Warnock akaondoka, kwa hiyo ukilibana sana neno "huru", hii ya tatu haimo tena. Naiacha humu kwa sababu vitabu vilivyoijengea jina vina sura ya waanzilishi wake, na kwa msomaji anayeanza ndiyo yenye mlango mpana zaidi.

Fantagraphics: kwa asiyeogopa kitabu kigumu

Hawa walianza kama wahakiki. Jarida lao, The Comics Journal, liliwahoji wachoraji kwa kurasa nyingi na kuzisema kazi mbovu bila kumwonea mtu haya. Tabia hiyo haijawatoka hadi leo: huchagua kitabu kwa sababu kinaisogeza mbele sanaa yenyewe, hata kama wasomaji wake watakuwa wachache.

Mfano ulio wazi ni My Favorite Thing Is Monsters ya Emil Ferris, sehemu ya kwanza mwaka 2017 na ya pili 2024. Msichana mdogo wa Chicago, miaka ya 1960, anajichora mwenyewe kama mtu-mbwamwitu huku akichunguza kifo cha jirani yake, mwanamke aliyenusurika mauaji ya Wayahudi kule Ulaya. Kitabu kizima kimechorwa kwa kalamu za biki juu ya kurasa zenye mistari, kama daftari la shule. Ferris alikuwa na umri wa miaka arobaini alipoumwa na mbu, akapata virusi vya West Nile, akapooza, na mkono wake wa kuchorea ukaishiwa nguvu. Alijifundisha upya kuchora. Kitabu kilipokamilika, shehena ya nakala zake ikakwama kwenye Mfereji wa Panama mwaka 2016 kwa kuwa kampuni ya meli ilikuwa imefilisika, na uzinduzi ukasogezwa hadi mwaka uliofuata. Hata usipojua lolote kati ya hayo, fungua ukurasa wowote wenye uso wa mtu ukaangalie vivuli vilivyojengwa kwa mistari myembamba ya biki, mmoja juu ya mwingine. Sijaona kazi nyingine ya namna hiyo.

Walio tayari kuishi na kitabu kwa miaka waanze na Love and Rockets ya ndugu wa familia ya Hernandez, inayotolewa na Fantagraphics tangu 1982. Wahusika wake, hasa Wamarekani wenye asili ya Mexico, wanazeeka pamoja na msomaji: wasichana wa muziki wa panki wa toleo la mwanzo leo ni wanawake wa makamo wenye uzito, majuto na ndoa zao. Kwa wanaopenda uandishi wa habari kuna Palestine ya Joe Sacco, iliyotokana na safari yake ya mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992 huko Gaza na Ukingo wa Magharibi. Baada ya Oktoba 2023 watu walikitafuta upya kwa wingi, ikabidi kichapwe tena. Monica ya Daniel Clowes, ya mwaka 2023, ilipata tuzo kuu ya tamasha la Angoulême nchini Ufaransa mwaka 2024. Simpendekezei anayeanza.

Mzazi asinunue kitabu cha Fantagraphics kwa kuona nembo tu. Tangu 1990 waliwahi kuwa na tawi zima la katuni za watu wazima, na fedha zake ndizo zilizowavusha wakati mgumu. Hata nje ya tawi hilo vitabu vingi si vya watoto. Salama kwa nyumba nzima ni mkusanyiko wa Peanuts ya Charles Schulz, vibonzo vyote vya 1950 hadi 2000, uliotoka juzuu kwa juzuu kuanzia 2004 hadi 2016.

Drawn & Quarterly: maisha ya kila siku, na Abidjan

Kama msomaji wangu ni mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ambaye hajawahi kushika riwaya ya katuni, namkabidhi Aya ya Marguerite Abouet, iliyochorwa na Clément Oubrerie. Ilitoka kwa Kifaransa kuanzia 2005 na Drawn & Quarterly wakaitoa kwa Kiingereza kuanzia 2007. Abouet alizaliwa Abidjan, akahamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hadithi yake ni ya mtaa wa Yopougon mwishoni mwa miaka ya 1970, Ivory Coast ilipokuwa na neema. Aya anataka kuwa daktari. Rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka kucheza dansi na kupata wachumba. Baba anataka binti aolewe kwa tajiri.

Hakuna vita humo, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuja kuokoa. Kuna shangazi mwenye maneno makali, kijana muongo anayejifanya amerudi jana kutoka Paris, bosi wa kiwanda cha bia, na akina mama waliovaa vitenge wakipigana vikumbo vya maneno uani. Rangi zake ni za joto: machungwa ya jioni, kijani cha taa za usiku. Mwishoni mwa kitabu kuna maelezo ya kufunga kitenge na upishi wa mchuzi wa karanga. Nimewaona watu wasiosoma katuni kabisa wakikimaliza kwa usiku mmoja, kwa sababu mtaa ule wanaujua. Mwaka 2024 Drawn & Quarterly walitoa mwendelezo, Aya: Claws Come Out, na wanaoipenda Aya hawana tena sababu ya kuishia njiani.

Jicho la Montreal hupenda mtu wa kawaida akiwa katikati ya maisha yake. Ducks ya Kate Beaton, ya mwaka 2022, inasimulia jinsi alivyoondoka kwao Cape Breton kwenye kisiwa cha mashariki mwa Kanada akaenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mafuta ya Alberta ili alipe deni la masomo. Ni kitabu kinene, zaidi ya kurasa 400, na kinasema wazi jinsi mwanamke anavyoishi kambini ambako karibu kila mtu ni mwanamume. Ndugu zetu waliokwenda kutafuta Uarabuni, na hata waliobaki nyumbani wakisubiri fedha kutoka huko, watajiona ndani yake: kijiji kinachoishi kwa mishahara ya watoto wake walio mbali, simu za usiku, aibu ya mambo yasiyosemeka kwa mama. Mwaka 2018 Sabrina ya Nick Drnaso ilikuwa riwaya ya kwanza ya katuni kuingia kwenye orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker. Ni kitabu cha baridi sana na nyuso zake hazina hisia kwa makusudi. Kisome baada ya kuzoea.

Katika kurasa za mwanzo za vitabu vyao utaona shukrani kwa Baraza la Sanaa la Kanada. Fedha hizo za umma zina maana kubwa. Mhariri mwenye ruzuku anaweza kuchukua tafsiri kutoka Kikorea, Kijapani au Kifaransa bila kuuliza kwanza kama jina la mwandishi linajulikana Toronto, na ndiyo maana kati ya hawa watatu ndiye mwenye dunia pana zaidi.

Top Shelf: wa kumfungulia mtu mlango

March ni juzuu tatu, za 2013, 2015 na 2016, maisha ya mbunge wa Marekani John Lewis katika harakati za haki za raia za Wamarekani weusi, zilizoandikwa naye pamoja na msaidizi wake Andrew Aydin na kuchorwa na Nate Powell. Wazo lenyewe lina mzizi kwenye katuni. Mwaka 1957 shirika la Fellowship of Reconciliation lilitoa kijitabu cha katuni cha kurasa 16 kuhusu Martin Luther King na mgomo wa mabasi wa Montgomery, na vijana wa kusini mwa Marekani, Lewis akiwa mmoja wao, walijifunza humo namna ya kupigania haki bila kumpiga mtu. Mwaka 2016 juzuu ya tatu ilipata tuzo ya National Book Award kwa vitabu vya vijana, riwaya ya katuni ya kwanza kuipata tuzo hiyo.

Juzuu hiyo ya tatu ina kurasa ambazo msomaji wa Kenya atazisoma mara mbili. Mwaka 1964 Lewis alisafiri barani Afrika, na jijini Nairobi, katika hoteli ya New Stanley, alikutana na Malcolm X bila miadi. Wanakaa, wanazungumza juu ya mapambano ya Wamarekani weusi na yale ya mataifa yaliyokuwa yakipata uhuru. Powell anachora kwa wino mweusi na maji ya kijivu, na pale Nairobi anatulia, fremu zinapata hewa, baada ya kurasa nyingi za marungu na mbwa wa polisi. Mwalimu wa historia wa sekondari anaweza kuzibeba kurasa hizo darasani kesho asubuhi.

Njia hiyohiyo ya ushuhuda ndiyo ya They Called Us Enemy ya mwaka 2019, ambamo mwigizaji George Takei anaeleza utoto wake kwenye kambi ambamo serikali ya Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2025 alirudi na It Rhymes with Takei. Ukilinganisha na Palestine ya Sacco utaona tofauti ya macho haya mawili. Sacco anamlazimisha msomaji amtilie shaka hata mwandishi, anajichora akiwa mwoga na mwenye tamaa ya habari. Vitabu vya Top Shelf vinamshika msomaji mkono hadi mwisho. Mimi humheshimu zaidi Sacco, lakini nikimnunulia mtu wa miaka kumi na mitano sifikirii mara mbili: ni March.

Kasoro ya Top Shelf ni kwamba waandishi wake wakikua huhama. Blankets ya Craig Thompson, karibu kurasa 600, ilitoka kwao mwaka 2003 na ikawatangaza; leo inatolewa na Drawn & Quarterly. Owly ya Andy Runton, hadithi za bundi mdogo ambazo mwanzoni zilisimuliwa karibu bila maneno na zikamfaa mtoto wa lugha yoyote, ilianza kwao mwaka 2004 na sasa iko kwa mchapishaji mkubwa wa vitabu vya watoto, ikiwa imeongezewa maneno. Ukitafuta toleo fulani, angalia jina la mchapishaji kwanza usije ukazunguka bure. Essex County ya Jeff Lemire bado iko kwao, na ni nzuri mno.

Pale fedha zilipokatika

Mwaka 2002 msambazaji wa Top Shelf alifilisika akiwa na fedha zao. Staros aliwaandikia wasomaji barua pepe akawaeleza hali ilivyo na kuwaomba wanunue vitabu vilivyokuwa ghalani, na oda zikamiminika kiasi cha kuiokoa kampuni. Mwaka uliofuata Fantagraphics walifanya vivyo hivyo baada ya msambazaji wao mwingine kuanguka. Kim Thompson alipofariki mwaka 2013, na vitabu alivyokuwa akivitafsiri vikakwama, Fantagraphics walichangisha kwa umma zaidi ya dola 200,000 za kuchapisha vitabu 39 vya msimu uliofuata. Kampuni inayoweza kuwaomba wasomaji namna hiyo na kuitikiwa imeshajenga nao jambo zito kuliko biashara. Linajengwa wapi? Kwa sehemu kubwa, mezani, kwenye matamasha.

San Diego, Bethesda au Toronto

Kitabu kikiuzwa dukani, duka na msambazaji huchukua zaidi ya nusu ya bei. Kikiuzwa kwenye meza ya tamasha, bei yote hubaki kwa mchapishaji, ingawa atalipia meza, nauli, hoteli na mizigo. Ndiyo sababu wanahangaika vitabu vipya vifike kwenye tamasha kabla ya siku rasmi ya kutoka. Msomaji anayefika asubuhi hupata kitabu ambacho duka litakipata baada ya wiki kadhaa, na mchoraji mwenyewe yupo nyuma ya meza akimchorea picha ndogo kwenye ukurasa wa kwanza.

San Diego Comic-Con ndiyo inayojulikana kuliko zote. Ilianza 1970 na watu mia chache hotelini. Sasa hujaza watu zaidi ya 130,000 kila Julai, na tiketi ni za kugombania mtandaoni miezi kabla. Tuzo za Eisner, zenye heshima kubwa katika katuni za Marekani, hutolewa huko. Ina siku zake kubwa: mwaka 2015 John Lewis alifika amevaa koti refu na kubeba begi mgongoni kama alivyokuwa kwenye maandamano ya haki za raia darajani Selma, Alabama, mwaka 1965, akawashika watoto wa shule mikono na kuandamana nao katikati ya ukumbi. Natamani ningelishuhudia lile. Pamoja na hayo, kwa msomaji wa vitabu hivi sioni sababu ya kulipa gharama ya San Diego. Meza za wachapishaji wadogo zimezingirwa na kelele za filamu na wanasesere, na mhariri hana muda wa kukwambia kwa nini alikipenda kitabu anachokuuzia.

Small Press Expo, SPX kwa kifupi, ni kinyume chake. Ilianza 1994 na hufanyika kila Septemba kwa siku mbili kwenye hoteli ya North Bethesda, Maryland, karibu na kituo cha treni cha laini nyekundu ya Washington. Maelfu ya Waafrika Mashariki wanaishi ndani ya nusu saa ya mahali hapo, Silver Spring na mitaa ya jirani. Ni ukumbi mmoja, bila mashujaa. Fantagraphics wanaweza kuwa mkabala na binti wa chuo aliyefotokopi kijitabu chake usiku wa kuamkia jana na kukibana kwa pini. Wanaohudhuria hupiga kura za tuzo za Ignatz, na mshindi hupewa tofali, tofali halisi, kwa heshima ya panya Ignatz wa katuni ya zamani ya Krazy Kat aliyekuwa na kazi ya kurusha matofali. Nikiambiwa nichague tamasha moja tu, ni hili.

Walioko Kanada wana TCAF ya Toronto, iliyoanza 2003 na iliyojijenga kwa miaka mingi ndani ya Maktaba ya Marejeo ya jiji, bila kiingilio. Kwa familia yenye watoto ndilo bora kuliko yote matatu, na tafsiri kutoka nje hupata nafasi huko kuliko Marekani. Angoulême ya Ufaransa ni kubwa na ya zamani kuliko TCAF, tangu 1974, ila toleo la Januari 2026 lilifutwa baada ya wachoraji wengi kulisusia, kwa hiyo thibitisha kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Asiye na nauli ya tamasha lolote na anayeishi Marekani au Kanada aingie maktaba ya umma. March, Ducks na Aya huazimwa bure, na kisichokuwapo huagizwa kutoka maktaba nyingine.

Kama wewe ni mchoraji

Hapo ushauri wangu unabadilika kidogo. Meza za SPX kwa wachoraji binafsi hupatikana kwa bahati nasibu, kwa hiyo jiandikishe mapema na usikate tamaa ukikosa. Nenda kama mnunuzi ukiwa na vijitabu vyako kwenye mkoba. Usimfungulie mhariri kazi yako huku foleni ikiwa nyuma yako. Nunua kitabu, sema neno moja la kweli kuhusu kitabu kingine chake ulichokisoma, mwachie kijitabu chenye barua pepe yako ndani ya jalada, uondoke.

Njia hiyo imewahi kuzaa matunda. Ndugu wa Hernandez walichapa wenyewe toleo la kwanza la Love and Rockets mwaka 1981 na kulituma kwa The Comics Journal lihakikiwe, Groth akawaambia atalichapisha. Adrian Tomine alikuwa kijana wa sekondari akitengeneza vijitabu vya Optic Nerve kwa fedha yake, hadi Drawn & Quarterly walipomchukua miaka ya 1990. Ukitaka kujua umpelekee nani kati ya hawa watatu, soma kwanza vitabu vitano vya kila mmoja. Ukichora ushuhuda wa historia kwa ajili ya vijana, meza ya Seattle haitakufaa. Ukichora mambo ya mtaa wa Kariakoo au Majengo, kwa Kiswahili, weka maneno ya Kiingereza kwenye karatasi ya pembeni, ukurasa kwa ukurasa, uache viputo vya Kiswahili kama vilivyo, halafu uelekee meza ya Montreal.